Fomu Ishaenda na Kosa, Mbona Umenyamaza?

Nitasema jambo litakalowaudhi baadhi yenu, halafu mtanisamehe. Wengi wanaosema "nilikosa kozi yangu kwa sababu fomu ilijazwa vibaya" hawakuikosa kwa sababu ya fomu. Waliliona kosa mapema, dirisha la KUCCPS likiwa bado wazi, wakalificha kama barua ya mapenzi mpaka siku zikaisha.

Mimi ni wa Bofa, hapa Kilifi. Niliwahi kuweka video moja ya kueleza alama za klasta zinavyohesabiwa, basi tangu siku hiyo nikageuzwa ofisi. Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka na maombi ya vyuo yakianza, simu yangu hailali. Na ujumbe wenyewe unafanana ajabu. Haunzi na "naomba nisaidie." Unaanza na "tafadhali usimwambie mtu." Mmoja alinitumia skrinishoti saa saba ya usiku, akaifuta, akaituma tena asubuhi. Alitaka Ualimu wa Sayansi, skrini inasema Ualimu wa Sanaa. Nikamuuliza, umeliona lini hili? Akasema, siku ya tatu baada ya kutuma. Sasa ilikuwa siku ya kumi na tisa. Siku kumi na sita zote hizo alikuwa anafanya nini? Alikuwa anatabasamu watu wakimpongeza.

Tuelewane kwanza kuhusu kosa lenyewe, maana wazee wetu wanadhani ni uzembe tu. Kwenye mfumo wa KUCCPS, kila kozi ya kila chuo ina namba yake ya tarakimu saba. Kozi ile ile, jina lile lile, chuo kingine, namba ni nyingine. Tarakimu moja ikiteleza, ulikuwa unaelekea Pwani University, ambapo ukiwa Bofa unaenda na boda na kurudi kula ugali wa nyumbani, sasa unaelekea chuo kilicho zaidi ya kilomita 500 kutoka kwenu. Au chuo ni kile kile lakini kozi ni ya jirani yake kwenye orodha. Halafu kuna wanaopanga chaguo kichwa chini: ile waliyoitaka kwa moyo wameiweka ya nne, na ile waliyoweka "ya kujaza tu" iko ya kwanza. KUCCPS haisomi moyo. Ukiweka juu kitu usichokitaka na alama zako zinatosha, utapewa hicho hicho, tena kwa hongera.

KCSE ya 2024 peke yake ilitoa watu 246,391 wenye C+ kwenda juu, yaani waliofikia alama ya kuomba digrii. Hapo sijahesabu wa diploma na wa vyuo vya ufundi, ambao nao hupitia tovuti hiyo hiyo. Usiniambie umati wote huo unajaza fomu kwenye simu iliyopasuka kioo, au kwenye saiba yenye foleni, bila kidole kuteleza. Kuteleza kupo. Ninachogomba mimi ni hizi siku kumi na sita.

Maana siku hizo zina bei. Dirisha likiwa wazi, unaingia kwenye akaunti yako, unabadilisha chaguo, unahifadhi, unachapisha au kupiga picha, mambo yamekwisha. Haumpigii mtu magoti. Haumwandikii mkurugenzi barua. Likishafungwa, habari inabadilika kabisa. Kwa kawaida kuna raundi nyingine, ila hiyo ni ya wale waliokosa nafasi kwenye chaguo zao zote, wanagombea nafasi zilizobaki. Sasa sikiliza ubaya wake: aliyekosa kabisa ana raundi ya pili, lakini wewe uliyepata kozi usiyoitaka, hukukosa. Kwenye kompyuta wewe umefanikiwa! Lazima usubiri uhamisho kati ya vyuo, ambao nao hufunguliwa kwa muda mfupi baada ya majibu kutoka, na una masharti yake: uwe umefikia alama za kozi unayohamia, masomo ya klasta yawe sawa, nafasi iwepo, na vyuo vyote viwili vikubali, kile kinachokuachia na kile kinachokupokea. Ukitaka kubadilisha kozi ndani ya chuo hicho hicho, hilo unalimaliza na chuo chenyewe.

Yaani jambo lilelile, siku ya tatu lilikuwa la dakika kumi. Mwezi wa tatu limekuwa la vikao.

Mbona basi watu wananyamaza? Mimi naona ni sherehe. Kwetu mtu akipata C+, si yeye tu amepata. Mtaa mzima umepata. Hawe wake kule Ganze ameshaambiwa "mjukuu wako anakwenda kuwa nesi." Mjomba ameshaahidi godoro. Kanisani ametajwa, au imamu amemwombea dua. WhatsApp ya familia imejaa maua. Hapo ndipo anagundua kwamba kwenye fomu hakuna uuguzi popote. Ataanzia wapi kusema? Babake ametoa shilingi 1,500 za maombi, na hizo hazikudondoka kutoka mbinguni. Ni samaki wa siku kadhaa hizo, au ni mbuzi aliyeuzwa Kaloleni. Kijana anajiambia, bora ninyamaze, labda itajirekebisha. Haijirekebishi, mtu wangu. Kompyuta haina huruma na haina haraka, inasubiri tu tarehe ya mwisho ifike.

Wazazi mkinisoma, na najua mnasoma ila hamweki "like", hapa kuna sehemu yenu. Mtoto akija akasema "baba, nimeona kosa kwenye fomu," jibu la kwanza likiwa matusi, mwaka ujao mdogo wake hatakuja kabisa. Muulizeni swali moja tu: dirisha linafungwa lini? Kufoka mtafoka baadaye, muda upo.

Sasa tuje kwa saiba. Sitaki mtu aseme nawapiga vita watu wa saiba. Wametubeba sana. Kuna vijana wanatoka Bamba, Magarini, ndani ndani huko, nyumbani hakuna simu janja hata moja, na huyo wa saiba ndiye mtu wa kwanza kuwaeleza klasta ni nini. Lakini angalia kinachotokea. Unafika, foleni ndefu, unamkaribia, anakuuliza "unataka kozi gani?" Unasema. Anaandika. Barua pepe? Huna. Anaweka yake. Namba ya simu? Yako imezimika chaji, anaweka yake. Anabonyeza, anachapisha, unalipa, unaenda zako na karatasi ambayo umeikunja bila kuisoma.

Kuna dada mmoja mtaani kwetu ujumbe wake wote kuhusu maombi ulikuwa unaingia kwenye simu ya mtu wa saiba, ambaye kwa wakati huo alishafunga duka na kuhamia mjini kwingine. Sitamtaja wala saiba yenyewe, maana hata hakufanya kwa ubaya. Alikuwa na watu arobaini siku hiyo. Wewe ulikuwa na fomu moja.

Na kuingia kwenye akaunti yako si uganga. Mara ya kwanza unatumia namba yako ya mtihani wa KCSE, mwaka ulioufanya, na namba ya cheti cha kuzaliwa au namba yako ya KCPE. Vyote viko kwenye ile bahasha ya kaki ambayo mamako anaifungia kabatini. Kwa hiyo hata kama ulijaziwa, usiku huo huo azima simu ya rafiki, ingia, soma ulichojaziwa neno kwa neno, badilisha nenosiri, weka namba yako ya simu. Megabaiti chache tu. Tumezimaliza nyingi zaidi kutazama watu wakicheza densi, na mimi ni mmoja wa wanaowacheza hizo densi, kwa hiyo najua.

Kuna kosa la aina nyingine ambalo huku kwetu Kilifi ni kubwa kuliko linavyosemwa: majina. Hili halirekebishwi kwa kubonyeza kitu kwenye tovuti ya KUCCPS, kwa sababu jina lako pale linatoka KNEC, jinsi shule ilivyokusajili kwa mtihani. Na sisi Wamijikenda majina yetu yana mtego. Kijana anaitwa jina la babu yake. Baba ni Charo Kahindi, mtoto ni Kahindi Charo. Karani akigeuza mpangilio, umekuwa babako! Halafu kuna hiyo "dz" yetu. Kadzo anaandikwa Kazo, mwingine anaandikwa Katzo, kutegemea sikio la aliyekuwa anaandika. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, KCSE inasema vile, kitambulisho kinasema la tatu. Shuleni hakuna aliyejali, kwa sababu mwalimu alikuwa anakuita "wewe wa nyuma."

Siku ya kuomba mkopo wa HELB ndipo unagundua kwamba kwa macho ya serikali ninyi ni watu watatu. Hili ukiliona, usianze na KUCCPS, utazungushwa bure. Kama kosa liko kwenye matokeo ya mtihani, mlango ni KNEC, na safari hiyo huanzia shule uliyofanyia mtihani, kwa sababu mwalimu mkuu ndiye anayeweza kuthibitisha wewe ni nani. Kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, mlango ni ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Kama ni kitambulisho, ni usajili wa watu. Huduma Centre watakuelekeza dirisha lipi. Haya huchukua muda, ndiyo maana nawaambia walio Kidato cha Nne sasa hivi: toeni karatasi zote kabatini, zipangeni mezani, somani majina herufi kwa herufi. Leo, kabla hamjasajiliwa kwa mtihani au orodha haijafungwa.

Sasa kuna kaka mmoja alinijibu kwenye posti ya juzi: "Kosa ni lako, kubali matokeo, maisha hayana kifutio." Inaonekana vizuri kwenye fulana. Lakini hebu tuangalie wakubwa wanavyofanya wakikosea wao.

Mwaka 2023 matokeo ya KCPE yalipotoka, kuna watahiniwa waliotumiwa SMS zinazoonyesha wamefanya Lugha ya Ishara badala ya Kiswahili. Watoto hawajawahi kusomea Lugha ya Ishara hata siku moja. Je, waliambiwa maisha hayana kifutio? Hapana. Kasoro ilikubaliwa hadharani, ikarekebishwa.

Au chukua huu mfumo wa kufadhili vyuo vikuu uliotangazwa 2023. Unajaza maelezo ya familia yako, kompyuta inakupima, inakuweka kwenye moja ya makundi matano. Kundi la kwanza familia inalipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, kundi la tano asilimia 40. Kwa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, hiyo ni tofauti kati ya 10,000 na 80,000. Mwaka 2024 wanafunzi wakaanza kupiga kelele: mtoto wa mama muuza mahamri kawekwa kundi la wenye nacho. Wengine walijaza vibaya, wengine walijaza sawa na mfumo ndio ukawasoma vibaya. Serikali ikaunda kamati, njia ya rufaa ikafunguliwa, watu wakaomba kupimwa upya. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaenda mbali zaidi, ikasema mfumo wenyewe unakiuka Katiba, ingawa baadaye Mahakama ya Rufaa ilisimamisha hukumu hiyo. Unaona mambo? Serikali nzima, na wataalamu wake, na kompyuta zake, imekosea na imepewa nafasi ya kurudi nyuma. Sembuse kijana wa miaka 18 aliyebonyeza Sanaa badala ya Sayansi.

Ila pia msiichukulie hiyo rufaa kuwa ya watu wa Nairobi. Nimeona wenzetu wa huku waliowekwa kundi lisilo lao wakasema "basi, ni bahati yangu," wakaahirisha masomo, wakarudi kusukuma mkokoteni. Hawakukata rufaa kwa sababu hawakujua kuna rufaa, au walijua wakaona haya. Haya ya nini? Wewe hukuomba msaada. Umesema tu: maelezo haya si ya kweli, haya hapa ya kweli, na huu ushahidi.

Jirani zetu Tanzania wana kitu nakionea wivu. Bodi yao ya mikopo, HESLB, imekuwa ikifungua kipindi maalum kwa waombaji ambao fomu zao zina kasoro. Inawaambia nyie mna upungufu hapa na hapa, ingieni mrekebishe kabla ya tarehe fulani. Yaani bodi ndiyo inamwendea mtu. Hata Uingereza, mfumo wao wa UCAS unampa mwombaji siku kadhaa za kubadilisha chaguo baada ya kutuma. Hawa wote walikaa wakakubali jambo moja, kwamba binadamu anayejaza fomu atakosea. Wakapanga kalenda yao hivyo.

Mimi ningependa KUCCPS nao watufikirie hivyo. Kitu kidogo tu: ukishatuma, SMS ije kwenye simu yako mwenyewe ikitaja kwa jina kozi ulizochagua na vyuo, si namba tupu. "Umechagua Ualimu wa Sanaa, chuo fulani. Kama si hivyo, ingia ubadilishe kabla ya tarehe hii." Na kwa yule aliyepangiwa kozi ambayo anaweza kuonyesha ilikuwa kosa la kuandika, apewe siku chache aingie raundi ya pili na wenzake, badala ya kumwambia hongera. Najua kutakuwa na wajanja watakaodai kosa kumbe wamebadili mawazo tu. Sawa, wawe hivyo. Kijana wa miaka 18 kubadili mawazo ni dhambi gani? Ni bora abadilishe akiwa Kilifi kuliko aende mwaka mzima, mkopo wa HELB unahesabika, halafu aache.

Na wakati bado hatujapata hiyo, tahadhari na hawa watu wa "nitakufanyia uhamisho." Wanajaa Facebook na Telegram msimu wa majibu kama nzi kwenye ndowe. Picha ya nembo, jina la "Dkt.", na namba ya M-Pesa ya mtu binafsi. Wanajua una aibu, na mtu mwenye aibu halalamiki akiibiwa. Uhamisho unafanywa kwenye akaunti yako, na wewe. Hakuna "mtu wa ndani." Huyo mtu wa ndani yuko ndani ya mfuko wako.

Yule dada wa Sanaa na Sayansi? Aliingia siku hiyo ya kumi na tisa, dirisha lilikuwa limebakisha siku mbili. Tulikaa kwenye ukuta wa jirani palipo na mtandao mzuri, akabadilisha mwenyewe, mimi sikugusa simu. Kisha akaenda kumwambia babake. Nasikia mzee aliguna tu, akauliza kama kuna pesa nyingine inatakiwa.

Kwa hiyo walio na maombi yanayoendelea sasa hivi: ingieni usiku huu. Someni jina la kozi, jina la chuo, mpangilio wa chaguo, namba ya simu iliyoandikwa pale ni ya nani. Ukiona kitu hukielewi na uko hapa Kilifi, niandikie. Sina ofisi, nina ukuta wenye mtandao, na sichukui hata shilingi. Ila nenosiri lako usinitumie. Hata mimi usiniamini hivyo.